Buti za Kushukia

Veit Obwexer hakujua kukaa kitako. Hata wakati wa kula, mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya meza, na mkewe Filomena alikuwa amezoea kulizuia bakuli la supu kwa mkono lisimwagike. Mlimani, wepesi huo ndio uliompa jina. Kikosi cha uokoaji cha bonde lao huko Tirol kilipoitwa, Veit ndiye aliyetangulia kumfikia majeruhi. Ski zake, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, zilikuwa nyembamba, buti zake zile laini za mashindano, na alipanda kama mbuzi. Penye kushuka, ndipo palipokuwa na neno.

Neno hilo lilitokea hadharani mwezi Februari. Walikuwa wakimteremsha mzee mmoja kwa machela ya theluji, ile inayoteleza kama mtumbwi, yenye mishikio mbele na nyuma. Mbele alishika Notburga, dada yake Filomena, ambaye bonde zima lilimwita Burgl. Nyuma alishika Veit. Theluji ilikuwa imeganda. Veit alipojikaza kuzuia mwendo, buti zikakunjika kwenye vifundo vya miguu, na kifungio cha kuishika buti kwenye ski, ambacho kilikuwa pini tupu bila kitu cha kupokea mtikisiko, kikaiachia ski ya kushoto. Akaanguka. Uzito wote ukamwendea Burgl, naye akauzuia kwa goti lake. Mzee hakupata hata mkwaruzo. Goti la Burgl lilikatika kano.

Burgl hakumlaumu, na kutolaumiwa kukamtafuna Veit kuliko matusi. Alikuwa akiingia chumbani anasahau alichofuata, anatoka, anarudi. Ndipo siku moja Burgl akampigia simu.

"Shemeji, kesho unanipitia na gari. Tunakwenda kununua buti."

"Zangu bado nzima."

"Hata goti langu lilikuwa zima."

Dukani Innsbruck, Burgl alikaa kwenye kiti, magongo yake magotini, akikagua kama shangazi wa bwana harusi. Muuzaji alikuwa mama mmoja mnene aliyeitwa Hermine. Alitoa bitana ndani ya buti ya zamani ya Veit, akamsimamisha kwenye gamba tupu, akaingiza vidole nyuma ya kisigino chake.

"Umekuwa ukivaa namba kubwa," Hermine alisema. "Mguu unaogelea humu. Kushuka utaiamrishaje ski?"

"Kubwa haiumizi wakati wa kupanda."

"Kupanda, kupanda," Burgl alisema. "Huyu atazikwa na kichwa kikiwa mlimani na miguu bondeni."

Jozi ya kwanza Veit aliipenda kabla hajaivaa, kwa vile ilivyokuwa nyepesi mkononi. Burgl akamwambia asukume goti mbele. Buti ikalala mara moja.

"Hiyo inapiga magoti kabla hata padri hajafika. Rudisha."

Ya pili ilikuwa ngumu kama bomba la chuma. Hata komeo la nyuma lilipofunguliwa ili atembee, kifundo hakikurudi nyuma hata kidogo. Hermine mwenyewe akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa ya watu wanaopandishwa na lifti.

Ya tatu ilikuwa na bizimu nne na ulimi mnene. Ikifunguliwa, mguu ulikwenda mbele na nyuma. Ikifungwa, Veit aliegemeza muundi, nayo ikakubali polepole, kisha ikamrudisha. Alijua papo hapo kwamba ndiyo hiyo.

"Nzito," alisema.

"Ndiyo."

"Nitakuwa wa mwisho kufika, Burgl."

"Basi watatangulia wengine. Au wewe ndiye uliyezaliwa na mlima?"

Kwenye vifungio akanyoosha mkono kwa kile kidogo kuliko vyote. Burgl akacheka.

"Hicho ni kishikizo cha shati, shemeji. Weka chini."

Wakachukua chenye pini za mbele kwa ajili ya kupandia, na nyuma kisigino kipana cha chemchemi, kinachocheza kidogo kikitikiswa kisha kinarudi mahali pake, na kinachoachia pale tu mguu unapopindwa kweli. Hermine akakirekebisha kulingana na uzito wa Veit na urefu wa soli. Veit alitazama akiwa amesimama. Kiti walimletea, hakukikalia.

Nyumbani alizivaa hizo buti jikoni mpaka Filomena akamfukuza kwa kuchubua sakafu. Kila asubuhi kabla ya kazi alipanda kilima cha nyuma ya kanisa. Wasichana wa bonde, ambao zamani alikuwa akiwaacha nyuma, walimpita wakimwamkia kwa adabu, na adabu yenyewe ikamuuma. Mara mbili aliingia bandani kuzitafuta buti za zamani. Mara zote mbili alitoka mikono mitupu, akiwa na hasira asiyojua ampe nani.

Aprili, Jumamosi mchana, mwoka mikate mmoja aitwaye Rosina alianguka upande wa kaskazini wa mlima akavunjika paja. Ukungu ulizuia helikopta. Kikosi kikapanda kwa ski, ngozi za kuzuia kuteleza zimebandikwa chini yake, na wale wanne wa mbele, wakiongozwa na mkuu wao Kassian, wakamezwa na weupe. Veit alisikia sauti zao zikififia. Moyo ulimwenda mbio kuliko miguu. Vipi kama mama wa watu anakata roho, aliwaza, nami niko huku najikokota kama ng'ombe wa maziwa? Akaongeza mwendo, akateleza, akalazimika kupunguza.

Alipofika, Rosina alikuwa ameshafungwa banzi na kuvikwa mablanketi, anauliza nani atamlisha mbwa wake. Hakukuwa na kazi iliyobaki. Veit alisimama, mikono haina pa kwenda.

"Veit, nyuma," Kassian alisema, akishika mishikio ya mbele.

Wenzao walitazamana. Kila mtu alikuwa akikumbuka Februari. Veit alifunga bizimu zote nne, akakanyaga kifungio mpaka kikalia, akashika.

Korongo waliloshukia lilikuwa na mifereji iliyoganda, na machela iliruka kama punda mbishi. Veit aliegemea, buti ikamrudisha. Kisigino kilitikisika, hakikuachia. Penye wembamba Kassian aliteleza, ski zikamponyoka upande, na machela yote ikaanza kumvutia chini. Safari hii uzito ulimjia Veit. Alikaza miundi mbele mpaka akahisi ulimi wa buti unamchoma mifupa, kingo za ski zikauma barafu, wakasimama.

"Mbona tumesimama?" Rosina aliuliza kutoka kwenye mablanketi.

"Tunapumzika, mama," Veit alisema, jasho likimtiririka mgongoni.

Kassian akajiweka sawa. Wakashuka mpaka barabarani, ambako gari la wagonjwa lilingoja.

Burgl alikuwa kwenye kituo cha zima moto, penye redio, na sufuria ya madonge ya mkate na nyama kwenye mchuzi. Aliyasikia yote.

"Nilifika wa mwisho," Veit alisema. "Nilitaka kuzitupa buti hizi korongoni."

"Na kushuka?"

Akamweleza kwa mikono yote miwili, jinsi machela ilivyovuta na buti ilivyokataa. Burgl alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mwakani ningependa kushika mbele," Veit alisema. "Nione kukoje."

"Mbele ni kwangu."

"Daktari amekuruhusu?"

"Daktari habebi machela. Vua hizo, ule."

Alivua. Malengelenge yalikuwa yamepasuka visigino vyote viwili. Akala akiwa amesimama dirishani, bakuli mkononi. Nje ukungu ulianza kuinuka, na upande wa pili wa bonde mteremko mmoja ambao hawajaugusa ukawa unajitokeza kidogo kidogo. Akauliza kama kuna aliyesikia habari za hali ya hewa ya kesho.