Mzinga wa Mbele

"Hivi, Imke, meli ya vita itaombewa nini kanisani?"

Focko, jirani yake, alimuuliza hivyo juu ya ua wa miti, mkasi wa kupogolea mkononi. Hakuuliza kwa ubaya. Focko hana ubaya, ana mdomo tu. Imke alimjibu kwamba upepo umegeuka na mvua inakuja, akaingia ndani. Lakini swali lilimfuata mpaka jikoni, likakaa naye.

Meli yenyewe ilikuwa mezani juu ya gazeti: mfano wa plastiki wa manowari ya Kijerumani ya wakati wa vita, urefu wake kiganja mpaka kiwiko. Enno, mume wake, aliinunua ikiwa boksi la vipande, akawa anaunganisha kila jioni kidogo kidogo, miwani miwili puani. Baba yake alizama na meli ya namna hiyo kule Norway, vita vikiwa bado vichanga, na kaburi hana. Kanisani kwao meli za mfano huning'inia darini tangu enzi za meli za tanga, kwa ajili ya mabaharia ambao bahari haikuwarudisha. Enno alitaka baba yake naye apate yake. Karatasi ya bendera, yenye alama ya Wanazi, aliitia motoni siku ileile alipofungua boksi. Kisha moyo wake ukasimama, meli ikiwa haina mabomba ya moshi wala mlingoti.

Imke akaimaliza. Gundi ilimuuma kichwa, kibano kilimponyoka, vipande vilimezwa na zulia. Akichoka sana alimwambia Mungu, Unaona mwenyewe, halafu akaendelea.

Mchungaji aliitazama kwa muda mrefu. Akasema wazee wa kanisa wamekubali, ila bila mizinga. Haifai mizinga ielekee vichwa vya watu wanaosali Baba Yetu. Imke alirudi nayo nyumbani, akapita siku kadhaa bila kuigusa. Alijua ni nani atakayeumia. Mwishowe akachukua kisu kidogo cha Enno, akaomba, akaing'oa yote mitano.

Ndipo akamwita wifi yake, Theda, mdogo wake Enno, aje kunywa chai na kuiona kabla haijapandishwa. Theda alizaliwa baba yake akiwa tayari chini ya maji. Alichorithi kwake ni maneno tu ya mama yao: kwamba alikuwa kwenye mzinga wa mbele kabisa, na hakuuacha.

Imke alimimina chai juu ya donge la sukari, likalia likipasuka, akatia krimu ukingoni bila kukoroga. Theda alinywa kikombe cha kwanza akilalamikia magoti yake, kisha akamsema Focko, anayeapa amepunguza kula huku akiomba kipande cha pili cha keki. Wakacheka. Halafu akavaa miwani, akavuta meli karibu.

Kidole chake kilitembea kutoka mlingotini mpaka mbele, kikasimama kwenye kidoa cha mviringo ambacho rangi haikufika.

"Wifi, baba alikuwa hapa."

"Najua."

"Umemtoa."

"Nimetoa mzinga, Theda. Yeye sijamtoa."

"Bila mzinga alikuwa nani? Mpishi?"

Imke aliweka birika chini.

"Nimechoka, wifi. Ikiwa na mizinga itabaki juu ya kabati langu, na nikifa wajukuu wa Focko wataogea nayo. Nataka mtu akae chini yake amwombee baba yenu. Basi."

Imke akafungua droo, akamsogezea Theda kisanduku cha kiberiti. Mizinga ilikuwa humo, juu ya pamba, hakuitupa. Yote ilifanana, lakini Theda aliipekua kwa ukucha kama anayejua, akachagua mmoja, akaufunga kwenye leso.

Imke akanyanyua birika kwa kikombe cha pili. Kwao mgeni hunywa vitatu. Theda akalaza kijiko ndani ya kikombe, kama afanyavyo aliyetosheka, akachukua koti lake, akatoka.