Nyumba ya Ncha Moja

Mwidani wa Likoni hakuwa na baba wa kumwombea mke, maana baba yake alifariki yeye angali ananyonya. Hakuwa na mnazi wa urithi hata mmoja. Hakuwa na viatu vya ngozi, wala kanzu ya pili, wala cheti cha shule ya mchana. Saa ya mkono pia hakuwa nayo. Ukimuuliza saa ngapi alitazama jua kisha akajibu, na mara nyingi alipatia.

Alichokuwa nacho, mwaka ule wa 1959, ni kazi ya kufagia na kupaka chokaa katika hoteli moja ya Shelly Beach, na kiwanja kidogo alichopewa na mjomba wake, Mzee Boga. Tena alikuwa na nia ya kumuoa Mwanamkasi binti Mwinyihaji, na Mwanamkasi mwenyewe hakuificha furaha yake. Lakini mama wa binti, Bi Nyamvula, alikwisha sema kwamba barua ya posa isiandikwe kabla hajaiona kwa macho yake nyumba atakayokaa mwanawe.

Basi Mwidani akajenga. Wakati huo mimi na yeye tulikuwa tukikaa benchi moja katika shule ya jioni, iliyofunguliwa kila baada ya sala ya magharibi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Gershom, Mrabai mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua. Katika majuma hayo alikuwa ametufundisha piramidi: kitako cha mraba, na pembetatu nne zinazopanda na kukutana kwenye ncha moja. Mwidani alilipenda umbo hilo kama wengine wapendavyo ngoma. Alilichora mchangani, akalichora ukutani hotelini kabla ya kulifunika kwa chokaa, na mwisho akaliweka juu ya nyumba yake. Kuta za udongo zilikuwa mraba kamili, vyumba viwili ndani, na juu paa la makuti lenye pande nne sawa zinazomalizikia kwenye ncha.

Watu walikuja kulitazama. Mzee Boga alilizunguka akitafuna tambuu yake.

"Mjomba," akasema, "hii umeiezeka au umeivika kofia?"

Mwidani alimjibu kwamba mvua itateremka pande zote nne bila kupata mahali pa kutuama, na hilo lilikuwa kweli.

Siku ya kuja kwake, Bi Nyamvula alifuatana na dada yake. Mwidani alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa uchangamfu. Wanawake wale walitazama vyumba, wakatazama jiko na choo, wakasifu usafi. Kisha Bi Nyamvula akasimama uani, akaliangalia paa kwa kitambo.

"Mwanangu," akasema, "mimi mtoto wangu ni huyu mmoja tu. Nikizeeka utanilaza wapi?"

"Nitaongeza chumba, mama."

"Upande gani?"

Mwidani akaizunguka nyumba. Kila upande paa lilikuwa limeshuka hadi usawa wa kifua. Chumba kitakachounganishwa hapo, paa lake lingelazimika kuanzia chini ya makuti hayo na kuteremka zaidi, na bibi mzima angeingia kwa kutambaa. Alirudi uani akitikisa kichwa.

Bi Nyamvula hakukasirika. Alimwambia kwamba yuko kijana wa Mtongwe, mwenye nyumba ya mabati, ambaye naye ameulizia. "Sikutishi," akasema. "Nakwambia ili ujue." Wakajitanda leso zao, wakaenda.

Jioni iliyofuata Mwidani alikuja darasani uso umemshuka. Mwalimu Gershom alikuwa ameleta mihogo miwili mibichi aliyoichonga kwa kisu. Mmoja ulikuwa piramidi. Wa pili aliuita prizimu: miisho yake miwili ilikuwa pembetatu zilizo sawa, na kati yake mbavu ndefu zilizonyooka. Akaulaza mezani, akaukata vipande, na kila kipande kilikuwa pembetatu ile ile, hakizidi mwenziwe wala hakipungui. Kisha akaikata piramidi kuanzia kitakoni. Kila kipande kilikuwa kidogo kuliko kilichotangulia, hata mwisho ikabaki punje.

"Prizimu haina haraka ya kwisha," alisema. "Ukiitaka iwe ndefu, ongeza kipande kilicho sawa na vya kwanza. Piramidi imekwisha pale ilipo ncha."

Tukapewa vile vipande tule kwa chumvi na pilipili. Mwidani alikishika chake, akawa anakigeuzageuza.

"Kula, Mwidani," akasema Kadzo, aliyekuwa akikaa nyuma yetu. "Hiyo si picha ya mchumba."

Darasa likacheka, lakini Mwidani alikwisha inuka. Alitaka kujua kama paa lenye pande mbili na mgongo mrefu ni prizimu. Mwalimu akamwambia kwamba ndivyo, tena hata paa la kwa mama yake Mwidani mwenyewe ni prizimu iliyolala, na chini yake ndiko alikozaliwa.

Jumapili tulikusanyika kuibomoa ncha. Wengi walihofia kwamba makuti hayatatosha, lakini Mwidani alikuwa amekwisha piga hesabu pamoja na Mwalimu: mteremko ukiwa ule ule na kuta zile zile, eneo la paa halibadiliki. Tuliongeza machache tu, mahali pa yale yaliyochanika, na ya kuzibia mwisho mmoja. Mwisho mmoja wa nyumba aliukandika udongo hadi juu. Mwisho wa pili, juu ya ukuta, aliziba ile pembetatu kwa makuti matupu, na mti wa mgongoni mwa paa akauacha umejitokeza nje kiasi cha mkono.

"Huu umesahau kuukata," akasema Mzee Boga.

"Unamngoja mama mkwe."

"Mkwe! Hata barua hujaandika."

Bi Nyamvula alipoitwa tena, aliuona mti ule kabla ya kuambiwa. Mwidani alimweleza kwamba chumba chake kitaanzia hapo, paa likiendelea kwa kimo kile kile, naye ataingia wima.

"Na baada ya changu?" akauliza.

"Kingine, mama, kama tutajaaliwa watoto."

Bi Nyamvula akaushika ule mti, akautikisa. Haukucheza.

"Mwambie mjombako alete barua. Iwe fupi. Mwinyihaji hapendi maneno mengi."

Barua iliandikwa kwa jina la Mzee Boga, kwa mwandiko wa Mwidani. Nakala ya kwanza ilikuwa na mchoro wa paa pembeni, na vipimo vyake. Mzee Boga aliutazama, akamrudishia.

"Unaomba mke," akasema. "Mtihani utafanya kwa Gershom."

Mwidani akaandika upya bila mchoro. Mzee Boga akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya bahasha na kuifunga kwa gundi ya unga wa ngano, akiibana kwa kidole gumba hadi ikashika. Baada ya sala ya alasiri akavaa kanzu na koti, akaitia mfukoni, akaondoka na wazee wawili kwenda kwa Mwinyihaji.