Saa za Muuguzi wa Précieuse

Adrienne alifanya kosa ambalo mama yeyote wa Bukavu angelifanya: alisikia mgeni anakuja, akasafisha nyumba. Mashine ya kunyonya makohozi aliisukuma nyuma ya kochi, mipira ya akiba ya mashine hiyo akaifungia kabatini, na binti yake Précieuse, wa miaka sita, akavikwa gauni la kanisani na kitambaa chepesi cha kuficha bomba la shingoni analopumulia. Ungeingia sebule ile ya ughaibuni, mtaa wa Vårby gård, ungedhani mtoto anangoja mpiga picha.

Na mgeni mwenyewe alikuja kuangalia ugonjwa. Annika, afisa wa manispaa, ndiye angeamua kama Précieuse apewe muuguzi wa kumhudumia nyumbani kila siku kwa gharama ya serikali. Bila muuguzi, Adrienne angeendelea kukesha peke yake asije mtoto akakabwa pumzi, maana mumewe, Bonaventure, hushinda kwenye maghala ya Märsta na kurudi hoi.

Annika alikuja na mkalimani, Gaudiosa, Mtanzania mwenye miwani na sheria zake. "Kila kitakachosemwa humu nitakitafsiri," alitangaza mlangoni. Adrienne aliitikia kwa kichwa, akili yake iko kwenye sambusa.

"Usiku unaamka mara ngapi?" Annika aliuliza, Gaudiosa akatafsiri.

"Kidogo tu. Mutoto iko bien, Mungu anatusaidia."

"Na wewe unapata kupumzika?"

"Sana."

Uongo mtupu, jamani, na kalamu ya Annika ilikuwa inauandika. Adrienne alisogeza sahani mbele ya wageni, kisha akamwinamia Gaudiosa.

"Dada, huyu mugeni tusimuchokeshe na mambo yetu. Minaamukaka mara kumi. Juzi nililala nimesimama ku jikoni, birika ya moto ku mukono. Usimuambie."

Gaudiosa alimeza sambusa, akamgeukia Annika, akayatafsiri yote kwa Kiswidi safi, pamoja na lile "usimuambie".

Kiswidi cha Adrienne kilitosha kumwonyesha kuwa ameumbuliwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Annika aliweka kalamu chini, akamtazama bila kumcheka.

"Nimechoka," Adrienne akasema, safari hii kwa Kiswidi, na hapo akagundua kwamba hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu. Lilipotoka, mengine yakafuata. Akaitoa mashine nyuma ya kochi, akafungua kabati, akaonyesha kila kitu, na Annika akaandika hadi karatasi zikamwishia.

Muuguzi alianza Machi, saa tatu asubuhi. Aliitwa Roselyn. Adrienne alimpikia kama mkwe, lakini Roselyn alimwambia kwa upole, "Mama Précieuse, nenda ukalale."

Alilala na viatu. Alipozinduka ilikuwa saa tisa alasiri, moyo ukamlipuka, akakimbilia sebuleni. Précieuse alikuwa anacheka na Roselyn, anapumua vizuri, na kwa saa sita nzima hakuna aliyemhitaji mama yake. Adrienne aliketi sakafuni, akalia kwa furaha.