Nguo za Mama Zilizowasha

Mama tulimzika Butiama, na nguo zake tukagawana kwa desturi, baada ya kufuliwa. Aliyezifua ni wifi yangu Rebeka, mke wa kaka yangu Evance, maana ndiye aliyemuuguza mama nyumbani kwao Manyamanyama, Bunda. Mama mdogo Nyangi alipata kitenge cha bluu, mimi nikapata gauni la kanisani. Rebeka alisema hataki kitu.

Haikupita wiki, mama mdogo akatokwa na vipele shingoni. Mimi huku Musoma nilijikuna hadi ngozi ikachubuka. Akanipigia simu.

"Na wewe unawashwa?"

"Nawashwa, mama."

"Basi. Huyo mtoto wa watu ametuwekea kitu. Ndiyo maana hakuchukua hata kitambaa cha kichwa. Jumamosi tunakutana kwa Evance, na arudi kwao."

Nilitaka kumtetea wifi. Lakini nikakumbuka siku ya kugawa alivyoficha mikono ndani ya kanga.

Ijumaa nikatangulia Bunda. Rebeka alinikaribisha vizuri mno, nikazidi kumshuku. Alinimiminia chai huku amefunika vidole kwa kanga.

"Kunywa wifi, haina kitu."

"Najua," nikasema. Sikunywa.

Simu ikaita. Mama mdogo huongea kwa sauti, hata jirani angesikia. "Nimetoka zahanati. Unajua nesi ananiuliza nini? Eti nimebadilisha sabuni! Nimeenda na shingo kama kenge, ananiuliza sabuni!"

Nilipokata simu, Rebeka alikuwa ameinama.

"Wifi, nguo za mama ulifulia nini?"

Alichukua nyuma ya mlango chupa tupu ya maji ya kunywa. Ilikuwa imewekewa sabuni ya maji ya kupima, ile inayochotwa kwenye pipa sokoni, haina jina wala aliyeitengeneza. Nilipofungua kifuniko, macho yakaniwasha. Kisha akaondoa kanga. Vidole vilikuwa vimechubuka, kucha zimekuwa njano.

"Nilimwaga yote, nikaongeza na dawa ya madoa. Harufu ya ugonjwa ilikuwa haitoki. Maji nilikuwa na madumu mawili tu, nikasuuza mara moja."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngesema nilikuwaga namkinai mama," alijibu, machozi yakimtoka.

Ni kweli, tungesema. Hata hivyo nilimwamini nusu tu. Machozi hayo, nilijiuliza, ni ya mama au ya Jumamosi?

Nilinunua sabuni ya mche isiyo na manukato, tukaongeza maji, nikalifua mwenyewe gauni, nililokuja nalo kwa ajili ya kikao. Povu jingi lilitoka kabla sijapaka sabuni. Nikasuuza mpaka maji yakawa meupe. Lilipokauka halikunuka ugonjwa, halikumnuka mama pia, nikakaa nalo mapajani muda mrefu.

Kesho yake nililivaa tangu asubuhi. Mama mdogo alipofika, hata hakusalimia. Alinigeuza kola akanusa.

"Halinuki kitu."

"Ndiyo, mama. Nimelifua upya jana, ile sabuni ya kwanza ndiyo iliyotuwasha."

"Nguo iliyofuliwa inanukaga sabuni."

"Hii haiwashi."

Aliniangalia shingo, akaniangalia kwapani mbele za watu. Kisha akatoa kitenge kwenye mfuko.

"Kifuliwe hapa hapa. Afue Evance. Mke wake asiguse."

Kaka yangu hajawahi kufua hata soksi. Alipolowanisha suruali yake kuliko kitenge, Rebeka akasema taratibu kutoka mlangoni, "Suuza tena, baba. Bado linatoka povu."

"Nani kakuuliza?" mama mdogo akamkata. Halafu akachungulia beseni. "Suuza tena, Evance."

Kikao hakikufanyika. Mama mdogo alikaa chini ya kamba mpaka kitenge kikakauka, akajifunga, akakaa tena jioni nzima akisubiri kuwashwa. Mwishowe akainuka.

"Huyu abaki kwanza," alimwambia Evance, bila kumtazama Rebeka. "Lakini kikiniwasha huko njiani, nageuza."

Tulisimama barabarani tukimtazama hadi akapotea. Hakugeuka.