Herufi za Mwalimu Letisia

Jumatatu asubuhi, kwenye shule moja ya Magomeni, Kilosa, Mwalimu Letisia aliandika ubaoni "Mama anapepeta mpunga," akaigonga sentensi kwa fimbo. Watoto wa darasa la kwanza, waliobanana wanne wanne kwenye madawati, wakaimba kwa pamoja, "Baba analima shamba." Hiyo ilikuwa ya wiki iliyopita. Herufi zikasikiliza kidogo, kisha zikashuka ubaoni na kutoka mlangoni kama vifaranga. Watoto wakaendelea kuuimbia ubao mtupu.

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Herufi zilibaki pale tu palipokuwa na mtu anayezisoma. Seleina, binti wa wafugaji, alizisoma taratibu kwa kidole, nazo zikamsubiri. Lakini sauti za wenzake zikammeza, naye akaanza kuimba. Mkaguzi alipokuja aliusifu uimbaji, na wakati wa kuondoka akainua miguu asizikanyage herufi zilizokuwa zikipita.

Mwalimu Letisia alichoka. Akasoma wakati wa likizo mpaka akapata shahada, kisha nyingine, akaajiriwa kwenye tawi la chuo kikuu huko Mikumi kuwafundisha wanaokwenda kufundisha kusoma. Alitaka jambo moja tu: apatikane hata mwalimu mmoja ambaye darasa lake halitaimba.

Siku ya kwanza aliandika, "Mtoto asiimbe asichokisoma." Ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti moja, tena na tena, hata baada ya ubao kubaki mweusi. Mkuu wa idara alimweleza kwa upole kwamba wanachuo ni wengi, na kuitikia kunaokoa muda.

Kijana mmoja tu, Nickson, ndiye aliyenyamaza akasoma. Neno alilolitazama lilibaki. Mwalimu Letisia akamfundisha kila alichojua, na chakula cha mchana wakagawana. Alipomaliza chuo, Nickson alipangiwa shule ya Vidunda.

Baada ya muhula mmoja akapiga simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wanasoma?"

Nyuma yake sauti za watoto zilisikika, zote pamoja.

"Wamenizidi, mwalimu. Nikimsikiliza mmoja, wengine wanapigana. Nikawaanzishia wimbo."

"Na ubaoni pana nini?"

"Hapana kitu."

"Umezifungulia herufi mlango?"

"Nimezifungulia. Zinateremka mlima sasa hivi."

Mwalimu Letisia akamwambia ale vizuri, huko juu kuna baridi. Kisha akaingia ukumbini, akaandika sentensi ya siku hiyo, ingawa alijua haitafika saa nne.