Kadi ya Lipiza

Ofisini wananiita Bi Mkato, kwa sababu sipitishi ukurasa ambao mkato haujakaa mahali pake. Tunatunga kamusi, na mimi ndiye msomaji wa mwisho. Nikishatia saini, kinachobaki ni mtambo wa kuchapa.

Asubuhi ile nilikuwa na herufi L, kazi ya Mwalimu mwenyewe, mhariri mkuu wetu. Baada ya "lipisha" ikaja "lipu". Nikarudia kwa kidole. "Lipiza" halikuwemo.

Nilicheka peke yangu. Nusu ya toleo la kwanza niliiandika mimi, na Mwalimu akalifuta jina langu kwenye orodha ya watunzi. Miaka kumi na mmoja donge hilo limenikaa rohoni. Sasa nilihitaji kunyamaza tu, na siku ya uzinduzi angekuwa kichekesho cha mji mzima. Utamu wake niliuonja, sitadanganya.

Lakini nikamfikiria mtu atakayelitafuta neno asilione. Huyo hajanikosea lolote. Nikabeba ukurasa hadi mezani kwake.

"Mwalimu, umeruka neno."

"Lipi?"

"Lipiza."

Akavua miwani. "Ungeweza kunyamaza, Bi Mkato."

"Ningekukomoa wewe, na kamusi yangu ingeumia."

Hakubisha hilo "yangu". Akanisogezea kadi tupu. "Basi iandike wewe."

Tuna kanuni, na aliitunga yeye: kila mfano uwe jambo lililotokea kweli, na aliyelishuhudia atie saini chini ya kadi. Nikaandika bila kufuta hata herufi:

*Lipiza: tendea mtu ubaya kwa sababu ya ubaya aliokutendea; aghalabu hutumika na "kisasi". Mfano: Mhariri alifuta jina la mwenzake kwenye kamusi, lakini mwenzake hakulipiza kisasi.*

Nikamgeuzia kadi. "Hapo chini panataka shahidi."

Alisoma mara mbili. "Hakuna mfano mwingine?"

"Mifano ipo tele. Huu shahidi wake yuko karibu."

Akatia saini. Halafu, bila kuambiwa, akafungua droo, akatoa orodha ya watunzi iliyokuwa ikingoja kwenda mtamboni, akaandika jina langu kabla ya lake.

Nikainama nikaikagua. Kazi ni kazi.

"Baada ya jina langu panatakiwa mkato, Mwalimu."

Akauweka.