Oili Iliyopanda

"Hendeli hiyo iache, bosi. Injini haiwaki leo."

Msimamizi wa pampu ya maji alikuwa ameshaichomeka hendeli ya kuwashia kwenye tundu lake. Akageuka polepole, kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Aliyesema ni mfagizi wa chumba cha injini, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kijiti, kwa sababu kila asubuhi alishika kijiti cha kupimia oili kabla hajashika ufagio.

"Kwani oili imepungua?"

"Imepanda."

Msimamizi akacheka mpaka akajishika kiuno. Nje ya dirisha, kwenye foleni ya ndoo, wanawake nao wakacheka bila kujua wanachocheka. Tangi lilikuwa kavu tangu jana mchana, na jua lilishaanza kuwapiga utosini.

"Imepanda! Wenzio hulia ikipungua, wewe unalia ikiongezeka?"

Mama Kijiti akaiinamia injini. Akachomoa kijiti, akakipangusa kwa tambara, akakirudisha mpaka mwisho, akasubiri, akakitoa tena. Kwa kijiti hicho hakuwahi kuwa na haraka. Akasugua oili kati ya vidole: nyeusi, inateleza vizuri, haina chengachenga za chuma, hainuki kuungua. Ila ilikuwa imevuka alama ya juu kwa upana wa kidole.

"Jana asubuhi ilikuwa hapa," akaonyesha kwa ukucha. "Jana hatukuwasha, dizeli haikuwepo. Fundi hajaongeza, nimemuuliza. Mimi sijaongeza. Umeongeza wewe?"

"Mimi niguse oili na shati hili?"

"Basi haijazaa yenyewe humo ndani. Kuna kitu kimeingia. Na maji ya kupozea injini, ya kwenye rejeta, yameshuka, nimechungulia."

"Fundi atakuja saa nane, ataangalia. Sasa hivi tunawasha."

"Ukiwasha, maji yatachanganyika na oili na vyuma vitatafunana. Leo watu wanalala na kiu siku moja. Ukiiua injini, watalala nayo mwezi."

Kichwa kikaingia dirishani. Alikuwa wifi yake Mama Kijiti, dada wa mumewe, amekumbatia ndoo mpya nyeupe, bado ina karatasi ya dukani.

"We wifi, acha ujuaji! Watoto nyumbani hawajanawa hata uso. Injini umeisomea wapi?"

"Sijaisomea popote. Nimeitazama miaka sita."

Kwenye ubao wa mlango kulikuwa na mikwaruzo ya msumari, mmoja kwa kila asubuhi. Ilikuwa ikishuka kidogo kidogo, inapanda siku ya kuongeza oili, inashuka tena. Watu walitundika makoti juu yake. Hakuna aliyewahi kuuliza ni ya nini. Wa leo ulikuwa peke yake huko juu, bado mweupe.

Mama Kijiti akachukua spana na kopo la maziwa, akapiga magoti kando ya injini.

"Sikiliza," msimamizi akasema, na safari hii hakucheka. "Ukifungua bolti hiyo ya chini, kazi huna."

"Basi ngoja niifungue nikiwa bado ninayo."

Akalala chali kwenye saruji. Bolti ikakataa. Akaikazania kwa mikono miwili, kisigino kimekita ukutani, na mishipa ya shingo ikamsimama. Alijua vizuri: ikitoka oili nyeusi kwanza, ameumbuka mbele ya mtaa mzima, na mlango huu haingii tena. Bolti ikalia, ikalegea. Akaimalizia kwa vidole.

Kilichotoka hakikuwa cheusi.

Yalikuwa maji, yenye kutu kidogo, yakikimbilia kopo kama yalikuwa yamechoka kufungiwa. Usiku kucha yalikaa chini na kuibeba oili mgongoni. Ndiyo maana kijiti kilitoka na oili tupu.

"Maji mliyokuwa mnayataka haya hapa," akasema kutoka chini ya injini.

Mwanamke mmoja dirishani akaanza kucheka, akajikatiza.

"Funga," msimamizi akasema. "Nimeona. Funga basi."

"Sifungi. Na oili itoke yote, lisibaki tone la maji."

Msimamizi akachomoa hendeli. Akaishika hivyo hivyo, asijue aiweke wapi. Kopo likajaa, likafurika, maji yakatambaa kwenye saruji mpaka kwenye viatu vyake, na hakusogea. Kisha uzi wa maji ukaanza kunenepa na kuingia weusi.

"Nipeni chombo," Mama Kijiti akasema. Kiganja chake kilikuwa kimeziba tundu, oili inampenya katikati ya vidole na kushuka kwenye kiwiko. "Chombo, jamani."

Hakuna aliyesogea. Halafu ndara zikaburuzika mlangoni, zikampita msimamizi, na ndoo nyeupe ikasukumwa chini ya injini.

"Hii haitatekewa maji tena," wifi akasema.

"Najua."

"Basi toa mkono."

Akautoa. Oili ikapiga kitako cha ndoo, ikatandaa polepole juu ya weupe ule, na nje foleni ilikuwa bado imesimama, kila mtu na ndoo yake.